Kulala gesti sio kumkimbia mama mkwe

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala mpaka saa nane mchana, sasa nimekaa na chai ya tangawizi nataka niseme jambo ambalo najua litatugawa. Nimelikata vipande vitano, asiyemaliza leo atamalizia kesho akinyonyesha. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

SEHEMU YA 1: NINACHOKISEMA

Desemba inakuja. Ngara na Biharamulo zitajaa. Mabasi ya Dar, Mwanza na Kahama yatashusha watu Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, wenye mabegi, maboksi na watoto mgongoni. Kuna Krismasi, mwaka mpya, harusi, send-off, kipaimara, jubilei za mapadre na masista, kuna na mahari zitakazopelekwa maana ndugu wote wako nyumbani. Ngoma zitalia, ndizi zitamenywa tangu alfajiri, rubisi itakuwepo. Mimi napenda sherehe, sisemi mtu asiende.

Ninachosema ni hiki: kama una mtoto mchanga, au una mimba, au una watoto chini ya miaka mitano, na uwezo wa kulipia chumba kizuri cha gesti upo, lipia. Cheza ngoma, kula, menya ndizi, osha sufuria, lakini usiku ukifika mchukue mwanao mkalale kwenye chumba chenye neti nzima, choo na maji. Usilale na mtoto wa miezi minne kwenye nyumba ya sherehe yenye watu arobaini.

Na la pili, hili ndo litakaloleta maneno: chumba hicho kiwekwe kwenye bajeti ya sherehe. Kamati ina fungu la MC, la mapambo, la video, la keki. Sijawahi kukaa kwenye kamati yenye fungu la mama wanaonyonyesha walale wapi.

Najua utaniambia huo ni uzungu, na kwamba kwetu mgeni hulala nyumbani, akilala gesti ametudharau. Nimeolewa huku, nayajua hayo maneno, nimeambiwa mimi mwenyewe. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: USIKU ULIONIFUNDISHA

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minne. Shemeji yangu anaoa, ukweni, upande wa Rulenge. Tulifika siku mbili kabla. Wanawake tulipewa chumba kimoja, magodoro yametandikwa sakafuni, tulikuwa tisa pamoja na watoto. Hakuna ubaya hapo, ndivyo sote tulivyokulia. Tulicheka mpaka koo likauma.

Wanaoijua Ngara wanajua baridi yake. Ni milima, usiku wa mvua unatafuta blanketi la pili. Saa nne usiku wifi mmoja kwa upendo kabisa akaingiza jiko la mkaa, lile tulilopikia chai, makaa yameshakuwa mekundu, moshi hakuna. Dirisha likafungwa kwa sababu ya watoto. Mlango ukafungwa.

Mimi ni nesi. Nilijua. Lakini nilikuwa mgeni ukweni, nimechoka, na nikaona aibu kusema "toeni jiko" mbele ya mawifi. Nikajiambia litazima lenyewe.

Niliamka saa nane usiku kwa sababu kichwa kilikuwa kinapasuka na kichefuchefu kimenibana. Nikamgusa mwanangu, amelegea, nikamfinya akalia kidogo sana. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikafungua, nikaanza kuvuta watu. Kuna dada nilimwita mara nne ndo akaitika. Tulikaa nje kwenye baridi mpaka kunapambazuka, mtoto nikamwahisha kituo cha afya. Tulipona wote. Asubuhi watu wakasema tulikula kitu kibaya, harusi ikaendelea.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Yanatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, huioni. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Inaanza na kichwa, kichefuchefu, usingizi mzito, na huo usingizi ndo unaokumaliza. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo inamwingia haraka kuliko wewe. Jiko la mkaa halilali ndani na watu. Hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata kwa nusu saa.

Sikuwahi kumlaumu yule wifi. Niliyemlaumu ni mimi, niliyejua nikanyamaza ili nisionekane najidai. Na ndio maana naandika.

SEHEMU YA 3: TUNACHOKIONA WODINI JANUARI

Jiko ni moja tu. Haya mengine matatu tunakutana nayo zaidi.

Kwanza malaria. Kagera sio Kilimanjaro. Kwenye utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022, watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa nchi nzima, asilimia 8 walikutwa na malaria. Kagera ilikuwa asilimia 18, nyuma ya Tabora na Mtwara tu. Na Krismasi yetu inakuja baada ya mvua za vuli, madimbwi yamejaa, mbu wako kazini.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa na kulelewa Arusha. Mwili wake haujawahi kuonana na malaria. Unamleta kwa bibi, analala siku tano bila neti kwa sababu neti ya nyumba wamepewa wazee, au imefungwa juu ya godoro moja na magodoro manne yamebaki wazi. Unarudi Arusha tarehe 2 mtoto anacheza. Vimelea vinachukua kama wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijaanza. Homa inaanza tarehe 10, uko Arusha, unadhani ni meno au mafua, na hata huko kliniki malaria sio kitu cha kwanza wanachokifikiria. Hapo ndo siku zinapotea.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayasahau: mtoto akipata homa ndani ya wiki nne baada ya kutoka huku, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo na useme kwa mdomo wako, "Tulikuwa Kagera." Akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea asiamke vizuri, hiyo ni dharura, usisubiri kuche.

Mama mjamzito naye ni hivyo hivyo. Malaria ya mimba inapunguza damu ya mama na inamfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Dawa za SP unazopewa kliniki ni kinga, lakini SP sio neti.

Pili, mtoto kulaliwa. Hili hatupendi kulisema kwa sauti. Kwenye nyumba ya sherehe watu wanaingia kulala saa tisa usiku, gizani, wengine wamekunywa. Anaona nafasi kwenye godoro, anajitupa. Mtoto wa miezi miwili ni kama kanga iliyokunjwa, haonekani. Mtu mzima aliyelewa hasikii mtoto akihangaika chini ya mkono wake. Hana nia mbaya, ni mjomba wa watu, ni shangazi. Lakini mtoto hapumui.

Tatu, watoto wakubwa kidogo. Wa miaka mitano, saba, kumi. Tunasema "watoto wote walale chumba kile", halafu usiku mgeni wa kiume amekosa pa kulala, anaambiwa "jibanze humo na watoto". Nani anamjua? Ni rafiki wa rafiki wa bwana harusi. Sisi manesi tunawapokea watoto baada ya sherehe na hatuwezi kuwaambia mnayoyasikia kwenye redio ni uongo. Mtoto wako alale na wewe, au na mtu ambaye ungempa na kadi yako ya benki. Jambo likitokea, usimwogeshe kwanza, usisubiri kikao cha ukoo. Mlete hospitali haraka, maana dawa ya kuzuia VVU ina mwisho wa saa 72, na namba 116 ya msaada kwa watoto unapiga bure.

Hayo yote matatu yanafanana kitu kimoja. Ni msongamano tu, na aibu ya mama kusema hapana.

SEHEMU YA 4: "LAKINI NI DHARAU"

Hapa ndo penye ugomvi, na sitaki kupaparukia, kwa sababu wanaosema hivyo wana hoja.

Kulala pamoja kwetu ni kitu. Usiku wa kabla ya harusi ndo wifi anakwambia siri za ukoo. Ndo watoto wanajuana na binamu zao. Bibi wa miaka themanini aliyesubiri mwaka mzima amwone mjukuu, unamwambia "tunaenda gesti", anasikia "nyumba yako ni chafu". Mimi yalinikuta. Mwaka uliofuata baada ya lile jiko, tulichukua chumba mjini Ngara. Mume wangu, badala ya kuongea na mama yake vizuri, alimwambia kwa simu "tutalala hoteli" akakata. Mama mkwe alinipokea kwa salamu za nusu. Siku mbili ananiita "mgeni".

Nilichofanya sikusoma popote. Saa moja asubuhi nilikuwa jikoni kwake namenya ndizi kabla ya mawifi waliolala pale pale hawajaamka. Mtoto nilimwekea mapajani mwake mchana kutwa. Jioni saa mbili nikaaga kwa heshima, nikaondoka. Siku ya tatu nikamweleza mwenyewe, sio kwa Kiswahili cha hospitali, nikamwambia habari ya lile jiko ambayo hakuwahi kuijua. Alinyamaza muda mrefu. Hakusema umefanya vizuri. Mwaka jana tulipopiga simu kwamba tunakuja, swali lake la kwanza lilikuwa, "Neti ya mtoto mmebeba?" Mimi ile nikaipokea kama msamaha.

Kwa hiyo akina baba, nasema nanyi. Maneno haya ni yako wewe kuyasema kwa mama yako, sio mkeo. Mke akisema, ni kiburi cha mwanamke. Mtoto wa nyumba akisema "mama, mwanangu ni mdogo, daktari amekataza msongamano, tutakuja alfajiri", inasikika. Na usiseme kwa simu kama taarifa. Sema mapema, sema kwa kuomba.

Na wale wanaosema mila haibadiliki: Januari 2025 Rais alitangaza ugonjwa wa Marburg hapa hapa Biharamulo. Mpaka unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa watu 10, wawili wamethibitishwa na wanane wanadhaniwa, na wote 10 walifariki. Kipindi kile watu hawakushikana mikono. Wazee waliosalimia watu kwa mikono miwili maisha yao yote walisalimia kwa kuinama kwa mbali, na hakuna aliyesema umenidharau. Tulielewa kwamba upendo safari hii unaonyeshwa kwa kutogusana. Kama tuliweza kubadili salamu, tunashindwaje kubadili godoro?

La tatu ni hela. Hili naliheshimu zaidi, sio kila mtu anayo. Lakini tuongee ukweli. Mchango wa harusi umetoa. Sare ya kitenge umeshona, na ya mtoto, na viatu vya rangi ya sare. Nywele umesuka. Chumba cha kawaida kisafi chenye choo ndani, ile tunayoita self, nilicholala mimi kilikuwa chini ya gharama ya sare yangu na ya mwanangu. Sare niliivaa siku moja.

Ndio maana narudi kwenye kamati. Mnakaa vikao sita, mnabishana keki iwe ya ngazi tano au saba. Wekeni fungu la vyumba vitatu, vinne, kwa mama wanaonyonyesha na wajawazito wanaotoka mbali. Ngazi mbili za keki zinatosha kukilipa chumba. Na chumba kikitolewa na kamati, hakuna mama mkwe atakayesema mkwe amejitenga, maana sio yeye aliyechagua. Aibu yote inaondoka. Hiyo ndo faida kubwa kuliko hata neti.

SEHEMU YA 5: GESTI GANI, NA KAMA HUNA

Sasa usinielewe vibaya ukadhani gesti yoyote ni salama. Safari moja njiani tulilala sehemu yenye baa chini ya dirisha. Muziki mpaka saa tisa, neti ina matundu ya kupita kuku, dirisha halifungi. Tulilipa ili tuumwe na mbu kwa raha. Tangu siku ile nina utaratibu.

Weka oda mapema. Desemba vyumba vizuri Ngara mjini na Biharamulo mjini vinaisha, na maeneo ya barabara kuu kama Benaco na Nyakanazi madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanavijaza mwaka mzima. Omba chumba cha nyuma, mbali na baa na mbali na jenereta.

Ukifika usilipe kabla hujaona. Tandaza neti, itazame kwenye mwanga, hesabu matundu. Funga na fungua dirisha. Fungua bomba, kama maji hayatoki uliza ndoo kabla hujatoa hela. Angalia godoro kama ni kavu. Angalia kama mlango unafunga kwa ndani. Muulize mhudumu kama unaweza kupata maji ya moto ya chupa ya chai usiku. Ukijibiwa vibaya kwenye hayo, nenda ya pili.

Beba neti yako hata hivyo. Ile uliyopewa bure kliniki hudhurio la kwanza la mimba, au mtoto alipopata chanjo ya surua ya miezi 9, ikunje iweke kwenye begi. Haizidi uzito wa kitenge. Beba na kamba na misumari miwili, hutachekwa na mtu unayemjali.

Ondoka kwenye sherehe mapema. Neti ya gesti haimsaidii mtoto aliye ukumbini mpaka saa sita usiku. Mbu wa malaria anapenda usiku ukikolea. Saa mbili, saa mbili na nusu, umeshaonekana, umeshatunza, umeshacheza, aga. Panga bodaboda au gari mchana, sio usiku wa manane na mtoto mgongoni na dereva aliyekuwa kwenye rubisi hiyo hiyo.

Na wewe baba, ukimwacha mke gesti na watoto ukarudi kwenye ngoma mpaka asubuhi, hujamsaidia, umemhamisha tu upweke. Usiku mmoja kaa nao.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye ziwa tu. Sio soda, sio togwa, sio "aonje tu mchuzi wa shangazi". Chumba chako ndo mahali pa kunyonyesha kwa utulivu bila mtu kukwambia maziwa yako ni mepesi.

Sasa kwa wewe ambaye hela ya gesti haipo kabisa. Huna kosa, na usisome haya ukajiona mama mbaya. Sherehe nenda. Ila dai vitu vinne, na uvidai siku ya kwanza mchana, sio saa tano usiku. Kona moja ya chumba iwe ya mama wenye wachanga peke yao. Neti yako ifungwe hapo. Jiko la mkaa lilale nje. Na asilale mtu aliyekunywa, wala mwanaume asiye baba wa watoto, kwenye chumba hicho. Ukiona aibu kusema, sema nesi amekataza. Nitupie mimi lawama, nimezoea. Au mwonyeshe wifi yako mkubwa posti hii, aseme yeye.

Sherehe ya mwaka huu utaisahau. Utasahau keki ilikuwa na ngazi ngapi na MC alisema nini. Ninachotaka ni mtoto uliyekuja naye upande naye basi kurudi, akiwa na shibe na bila homa, na tarehe 10 Januari awe anakusumbua nyumbani kwako, sio kwenye wodi yangu.

Haya, nimemaliza chai. Mnaobisha bisheni kwa adabu, nitajibu nikitoka zamu. Mwenye kamati ya harusi wiki hii, mpelekee mwekahazina.